Kaseti ya Vitenge Tisa

Kamembe, baada ya alasiri

Zaituni, mwanangu,

Umekwenda Giheke kumuaga bibi yako, na mimi nimefunga studio mapema ili niandike kabla hujarudi. Ukiingia tu nitakupa barua hii mkononi. Isome kabla ya kula, na kabla hujaanza kuniuliza kwa nini nimevaa sura hii. Sikutaka kuificha ndani ya sanduku lako uje kuikuta Kigali. Lazima uyajue haya kabla hujapanda basi kesho asubuhi, na sababu yake utaiona mwenyewe ukifika mwisho.

Mambo ya koti, ya chaji ya simu, ya kutokula mandazi ya stendi, mama yako ameshayamaliza. Amekuambia mara tatu na bado yuko jikoni anakumbuka mengine. Mimi nataka tuzungumze juu ya daftari lako.

Wiki mbili zilizopita ulilitupa juu ya meza ya studio ukasema, Papa, niambie ukweli, haya mawazo yana filamu ndani yake au ni maneno tu? Nikavaa miwani, nikasoma. Watoto wanaovuka mpaka kila asubuhi na mabegi yao kwenda kusoma Bukavu. Mzee wa Nkanka anayetengeneza taa za wavuvi wa dagaa wa sambaza, na yeye mwenyewe macho yanamwishia. Wachuma chai na namna wanavyolea watoto katikati ya mistari ya chai. Nilifurahi, sikukuficha. Nilikuambia lile la taa ulifanye haraka kabla sola hazijamnyang'anya yule mzee kazi. Halafu ukanionyesha ukurasa wa kwanza, ule uliokuwa umeuruka kwa makusudi ili uwe wa mwisho. Umeandika: "Majirani wawili. Maman Furaha na shangazi Salima. Nyumba mbili, ua mmoja katikati, zaidi ya miaka ishirini hawasalimiani. Kwa nini?"

Nikafunga daftari nikasema macho yananiuma. Hayakuwa yananiuma.

Sasa watu wa mafunzo ya filamu kule Kigali wamelichagua wazo hilohilo. Utakaa kwao wiki tatu kujifunza, kisha utarudi hapa na kamera yao, na Maman Furaha amekubali kukaa mbele yako. Bila yeye huna filamu, na nafasi uliyoihangaikia tangu umalize shule itapewa mwingine. Nimekaa siku zote hizi nikikuona unapanga nguo, unaimba, unamwambia kila anayepita kwamba utaitafuta ile sababu hata kama imezikwa. Kila ukisema hivyo naondoka mezani. Sababu ni mimi, mwanangu. Nimeiandika, ipo hapo, siwezi tena kuirudisha.

Ilikuwa arusi ya Salima. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako, huna hata jino. Studio yangu ilikuwa na miezi michache tu. Nilikuwa na kamera moja kubwa ya kubeba begani, na nikiibeba nilijiona mtu. Maman Furaha alikuwa rafiki wa Salima, rafiki wa kuingia jikoni bila hodi na kuonja mchuzi bila kuulizwa. Alizaliwa Bukavu, akaolewa huku, akafiwa na mume mapema, akawa analea watoto watatu kwa vitenge. Unajua kazi ile ilivyofanywa. Unavuka asubuhi mikono mitupu, unarudi umeuvaa mzigo. Kitenge juu ya kitenge, halafu gauni pana juu yake, na mtu wa duane anayetoza ushuru mpakani akikutazama anaona mama aliyenona tu. Ushuru ulikuwa mkali, na mjane mwenye mtaji mdogo hakuwa na njia nyingine.

Siku ya arusi alichelewa kutoka ng'ambo. Hakupita kwake. Alikuja moja kwa moja na mzigo wake mwilini, akaingia ua wa nyuma ambako wanawake walikuwa kwenye masufuria ya pilau. Mimi nilikuwa huko, kwa sababu arusi zetu, usipowapiga picha wapishi na masufuria yao, wenyewe wanasema kameraman amewaibia nusu ya siku. Akaanza kuvua. Wanawake wakachukua mifuniko wakaigonga, na kila kitenge kilichotoka alikicheza kwanza, akakizungusha juu ya kichwa, ndipo akakitupa. Walihesabu kwa sauti mpaka tisa. Akabaki na gauni lake, mwembamba kama wewe, anacheka mpaka anashikilia ukuta. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mwanaume mwenye kamera pale.

Yeye ndiye aliyenikumbuka. Alinifuata akiwa bado anahema, akaniambia kwa upole kabisa, "Papa Zaituni, ile kitu usiweke mu kaseti. Batoto yangu banakula mu hivi vitenge." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitakata.

Na nilikata kweli. Kaseti niliyomkabidhi Salima haina hata kitenge kimoja. Mpaka hapo mimi ni mtu mzuri, na ningependa sana hadithi iishie hapo.

Lakini kile kipande sikukifuta. Wewe utanielewa katika hili kuliko mama yako, kwa sababu nimekuona na simu yako unavyotazama picha moja mara kumi. Kilikuwa kizuri mno. Jua lilikuwa limepita katikati ya migomba likampiga usoni, na mifuniko ile inalia, na yeye anacheka. Nimepiga arusi nyingi kuliko siku za mwaka, na sijapata tena kipande kama kile. Nilikuwa nakitazama peke yangu mlango umefungwa. Nilijiambia natazama kazi yangu tu, hakuna ubaya.

Unaikumbuka televisheni niliyokuwa naiweka dirishani, imeelekea barabara? Ulipokuwa mdogo ulikuwa unasimama nje na wenzako kuangalia arusi za watu. Studio zote za Kamembe zilifanya hivyo, ndiyo ilikuwa njia yetu ya kuita wateja. Mwenzangu wa upande wa pili wa barabara alikuwa na televisheni kubwa kuliko yangu, na watu walikuwa wanasimama kwake. Jambo hilo lilikuwa linaniuma usiniulize. Basi siku moja ya soko nikachukua vile vitenge tisa nikaviweka mwanzo wa kaseti ya dirishani.

Siku moja tu, na nilikuwa najua kwamba siku ile Maman Furaha yuko ng'ambo. Hilo ndilo linalonihukumu, Zaituni. Mtu aliyekosea kwa kutokujua hachagui siku. Mimi nilichagua siku ambayo hatapita mbele ya dirisha langu.

Watu walijaa mpaka pikipiki zikakosa njia. Wengi walikuwa watu wa Nkanka na wa huko Giheke walioleta ndizi sokoni, hawamjui ni nani, wanacheka tu. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimepata arusi tatu za kupiga. Kati ya watu wale alikuwepo kijana mmoja anayekula karanga, namjua kwa sura, anafanya kazi mpakani. Alikuja mpaka mlangoni akasema, "Mzee, rudisha kidogo." Nikamrudishia. Niliona anavyotazama, hakuwa anacheka kama wenzake. Nikaitoa kaseti, nikaweka arusi nyingine. Nilifikiri nimeiwahi.

Haikupita wiki. Maman Furaha alitolewa kwenye mstari pale mpakani mbele ya watu wote, na yule yule kijana akamwambia, "Maman, utuchezee kama kule arusini." Akavuliwa vitenge kimoja kimoja pale pale, na watu wakahesabu. Sikuwepo. Nilielezwa na mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari, na huyo alisema kwamba mstari mzima ulikuwa unacheka, kisha ukaacha kucheka, na yeye akaendelea kusimama na gauni lake, mikono imeshuka. Mzigo haukurudi. Hakuvuka tena daraja la mpakani kama mchuuzi mpaka leo. Furaha, mtoto wake wa kwanza, aliacha shule mwaka ule. Sasa unajua kwa nini kaka Furaha fundi viatu husoma barua za serikali kwa kufuata kidole, na kwa nini mimi humpelekea viatu hata visivyoharibika.

Maman Furaha si mjinga. Aliposikia "kama kule arusini" alielewa kwamba ameonekana kwenye kaseti. Akaja kwangu siku hiyo hiyo, vumbi la njia bado miguuni. Hakunifokea. Aliuliza tu kile kipande kilikwenda wapi. Nikasema, "Kaseti nilimpa Salima, yote kama ilivyo."

Ni maneno madogo hayo, yasome tena. Sikusema Salima ndiye aliyekionyesha. Sikusema nilikata wala sikukata. Nilisema kitu ambacho yeye mwenyewe angekimalizia, na alikimalizia. Alitoka studio akaenda mpaka mlango wa shangazi yako na kusema aliyoyasema, na tangu siku hiyo kukitokea msiba mtaani hapa wao wawili wanakaa mikeka tofauti.

Salima aliapa. Alitoa kaseti yake, akamwambia njoo uitazame kuanzia mwanzo mpaka mwisho, uone kama umo. Maman Furaha akakataa kuitazama. Salima akaja kwangu analia, akaniuliza, kaka, uliweka wapi kile kipande? Nikamwambia achana naye, hasira zitaisha. Nilifikiri ni kitu cha wiki mbili. Nilifikiri dada hasahau kaka yake, lakini mteja anasahau studio mara moja, na kama habari ingetoka kwamba mimi naonyesha dirishani nilichoombwa kukata, nani angeniita arusini kwake? Nilipiga hesabu hiyo haraka sana. Wiki mbili zikawa mwezi, wewe ukaanza kutembea, ukawa unapita chini ya ule ua kutoka nyumba moja kwenda ya pili na sahani za sambusa ulizopewa wewe, maana wenyewe hawakutumiana. Nilikuwa nakuona unapita, nikasema moyoni, angalau mtoto anapita. Aibu iliyoje.

Sikuambii usiwapige picha watu wakicheka. Mimi si imamu, na kazi yetu bila kicheko ni kazi ya polisi. Nakuambia tu nilichokiona kwa macho yangu. Maman Furaha alipocheka mbele ya kamera yangu hakuwa ananipa kile kicheko. Alikuwa anawapa wanawake wa masufuria. Mimi nilisimama tu mahali kilipokuwa kinapita. Ukifika kwa yule mzee wa taa, au kwa wale wachuma chai, watakuzoea. Siku ya tatu watakusahau, na hapo ndipo picha zitakapokuwa nzuri, na utafurahi, na mkono wako utakataa kufuta. Ukumbuke baba yako siku hiyo.

Na tena jambo lingine, ambalo hata jana bado nilikuwa nakudanganya. Uliniomba kaseti zote za zamani uende nazo zikakusaidie. Nimekupa katoni zima. Ulinishukuru, ukanikumbatia, ukasema kumbe Papa amehifadhi kila kitu. Moja niliiacha kwenye droo chini ya nyaya. Nilikuwa nimekata shauri kuichoma baada ya basi lako kuondoka. Ungerudi na kamera, ungewauliza majirani "kwa nini" yako, Maman Furaha angekuambia Salima, Salima angekuambia hajui, na wewe ungetengeneza filamu safi kabisa ya uongo. Ingeonyeshwa Kigali, watu wangepiga makofi. Mimi ningekaa mstari wa mbele nimevaa kanzu.

Leo asubuhi nilipokuona unafunga lile katoni kwa kamba, unaandika juu yake "Kazi ya Papa", nilishindwa. Nilitoka bila kunywa chai. Mama yako aliniita, sikugeuka.

Nilimkuta Maman Furaha anapepeta maharage nje kwake. Nilimwomba aje studio. Alidhani ni habari zako, akafunga kitenge chake vizuri akanifuata anatabasamu. Nikamkalisha. Nikamwambia yote niliyokuandikia hapa, tena vibaya kuliko nilivyoandika, kwa kurukaruka, huku nachomeka nyaya za deki ya zamani ambayo ilikuwa haitaki kuwaka. Alipoelewa, tabasamu lilitoka usoni mwake na halikurudi tena. Zaituni, nimewahi kuogopa mambo makubwa katika nchi hii, unajua, lakini sijawahi kumwogopa mtu aliyekaa kwenye kiti changu kama nilivyomwogopa yeye.

Halafu akasema, "Weka." Nikaweka. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuwahi kukifikiria hata siku moja. Watu wa soko walikiona, wa mpakani alikiona, mimi nimekiona sijui mara ngapi. Yeye hakuwahi kukiona.

Picha ilikuwa na mistari, sauti inakwenda na kurudi. Mifuniko ikalia. Akajitazama akivua cha kwanza, cha pili, mpaka cha tisa, mpaka pale anaposhika ukuta. Nilikuwa nimesimama nyuma yake kwa sababu sikuthubutu kukaa. Akauliza bila kugeuka, "Nilikuwa nachekaka vile?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya pili nilimwona anaangalia pembeni ya picha, si yeye mwenyewe, na nikaona anachokiangalia. Ni Salima, na hina yake mikononi, ametoka chumbani alikotakiwa kukaa atulie, amekuja kupiga mfuniko na wenzake. Anahesabu kwa sauti kuliko wote. Akasema tena, "Rudisha." Nikarudisha mara tatu.

Akaniuliza kama Salima anajua. Nikasema hajui. Akasema miaka yote hii Salima alikuwa anampitishia salamu kwa watoto, na yeye anazitupa. Alilia hapo. Si sana. Akajifuta na ncha ya kitenge, akanigeukia, na haya ndiyo aliyoniambia, nakupa kama yalivyo: "Mutoto ajue kwanza, mbele apande basi. Akijua na bado anataka kuja, aje, miye nitakaa. Lakini weye ndiye utakaa pa kiti ya kwanza. Utasema mbele ya ile mashini yake vile umenisemea leo, na jina ya Salima utaisafisha weye mwenyewe. Ukikataa, miye sina filamu na mutu."

Hakusema amenisamehe. Nilingoja aseme, na nilipojiona nangoja niliona haya.

Sasa unajua kwa nini barua hii haikuweza kukungoja Kigali. Uamuzi ni wako. Kama umekasirika, kasirika, una haki, na usimfiche mama yako kwa ajili yangu kwa sababu yeye pia hajui. Kama wazo lile limekuharibikia, wapelekee lile la taa, nitakupeleka Nkanka mimi mwenyewe na sitafungua mdomo njia nzima. Lakini kama utarudi na kamera, nimekubali masharti. Niweke kwenye kile kiti cha mbao kinachotikisika, karibu na dirisha ilipokuwa televisheni. Nimekaa nyuma ya kamera zaidi ya miaka ishirini na sijui mtu hufanya nini na mikono yake akiwa mbele. Nitakwama. Nitaanza kueleza habari za studio na wateja na ushindani. Niulize tena. Nikinyamaza, usizime, na usinionee huruma ukafika Kigali ukaanza kupunguza hapa na pale. Utataka kukata, nakujua. Usikate.

Nikimaliza mistari hii navaa viatu niende kwa Salima, kabla ya magharibi, kabla mtu mwingine hajafika. Miguu yangu haitaki, lakini itakwenda. Ukirudi usiponikuta hapa, mama yako atakupa barua hii, na ujue niko upande wa pili wa ua, naeleza.

Katoni lako liko mlangoni, nimelikaza kamba upya. Ile kaseti usiitafute kwenye droo. Maman Furaha alinyoosha mkono, nikaitoa ndani ya deki nikampa, akaifunga kiunoni ndani ya kitenge chake akaondoka nayo. Ni yake. Ukiihitaji kwa filamu yako, usiniombe mimi tena, kamwombe yeye, na akikataa, umekatazwa.

Baba yako